Keria, mbele chini, fremu au tela? Kupanga mzigo wa safari ya baiskeli Kanda ya Ziwa

Kila likizo ikikaribia, kuna mtu atanipigia simu na swali lilelile. Anataka kutoka Mwanza kwenda Musoma kwa baiskeli kupitia Magu na Lamadi, au avuke Ukerewe, au apite daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 aende zake Geita. Baiskeli anayo, hema ameazima, siku zenyewe za kuhesabu. Kinachomkwamisha ni mzigo. Aufunge wote kwenye keria ya nyuma? Augawe mbele na nyuma? Aubane ndani ya fremu? Au avute tela?

Nimebeba kwa njia zote nne, tatu kati ya hizo nikiwa nazikosea kwanza. Kila moja imenipa raha mahali fulani na kunitia adabu mahali pengine, kwa hiyo anayetaka jibu la neno moja atanisamehe.

Ili ulinganisho uwe wa haki nitatumia mzigo mmoja kote: kilo 24. Ndani yake kuna hema, kitanda cha kukunja, nguo, jiko dogo la gesi, vifaa vya ufundi, chakula cha siku mbili na maji lita 4. Mimi nina kilo 70, baiskeli yangu kilo 16. Ukijumlisha unapata kilo 110. Niliazima mizani ya gunia kwenye duka la nafaka, nikaweka gurudumu moja juu yake na jingine juu ya tofali la kimo kilekile, nikapanda huku mtu amenishikilia. Bila mzigo, gurudumu la nyuma lilibeba kilo 52 na la mbele 34. Shika namba hizo mbili, nitazirudia.

Kwa nini baiskeli haianguki

Nisamehe dakika moja ya nadharia, bila hiyo yanayofuata yatakuwa maneno ya kijiweni tu.

Baiskeli inapoanza kuangukia kushoto, gurudumu la mbele linageukia kushoto pia, na hivyo magurudumu yanarudi chini ya uzito. Kitu hiki kinatokea mara nyingi kila dakika bila wewe kujua. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft (Uholanzi) na Cornell (Marekani) walitengeneza kibaiskeli kisicho na mpanda, wakafuta nguvu ya mzunguko wa magurudumu kwa kuweka magurudumu mengine yanayozunguka kinyume. Walipokisukuma kilikwenda chenyewe, na hata kilipogongwa ubavuni kilijirekebisha. Kilichokibeba ni jinsi uzito ulivyopangwa, hasa ule wa upande wa usukani. Kumbe mahali pa kuweka kilo zako ni sehemu ya uthabiti wenyewe, si suala la nafasi tu.

Jambo la pili ni mkia wa gurudumu la mbele. Fuatisha mstari wa shingo ya baiskeli mpaka ardhini: utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Nafasi hiyo kati ya sehemu hizo mbili ndiyo mkia, na kwenye baiskeli nyingi za safari ni kama sentimita 5 au 6. Ndiyo inayolifanya gurudumu lifuate njia, kama gurudumu la kitanda cha hospitali linavyojigeuza lenyewe kufuata kinakosukumwa. Mkia mrefu hutuliza usukani ila huufanya mzito ukienda polepole. Mkia mfupi huufanya mwepesi.

La tatu linawashangaza wengi. Mzigo wa juu si lazima uifanye baiskeli ianguke haraka. Simamisha fagio refu kwenye kiganja, halafu jaribu na kalamu: fagio linaanguka polepole, unapata muda wa kulifuata. Ndiyo maana mchuuzi wa Kirumba anaweza kupakia tenga la samaki juu ya keria mpaka limpite mabega na bado akakata kona vizuri. Shida ya mzigo wa juu huanza anaposimama, anapoondoka, na anaposukuma kupanda mlima. Hapo magurudumu hayamsaidii tena, mikono yake tu ndiyo inayofanya kazi.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: usukani unavyotulia; mlima, mteremko na breki; upepo wa ziwani; kusimama, kusukuma na kupanda vyombo; na mwisho fundi na vipuri. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kuhusu upepo, kwa asiyeuzoea: asubuhi ziwa huwa limetulia. Mchana ardhi ikishapata joto, upepo unatoka majini kuja nchi kavu. Ukielekea Magu na Bunda ziwa liko kushoto kwako. Ukivuka daraja kuelekea Sengerema, ziwa pana liko kulia na hakuna mti wala nyumba ya kukukinga kwa takriban kilomita 3. Mzigo ulioonekana mtulivu Buhongwa unaweza kubadilika tabia ukifika pale saa tisa alasiri.

1. Mzigo wote kwenye keria ya nyuma

Hii ndiyo njia ya wazee wetu na bado ndiyo njia ya Usukumani. Mkaa, madumu ya maji, viroba vya mpunga, mama na mtoto. Baiskeli ya Phoenix na keria yake ya chuma imebeba vyote. Daladala za baiskeli za Shinyanga zimejengwa juu ya keria hiyohiyo, zimeongezewa mto tu. Wanaoidharau wajiulize kwanza ni baiskeli ngapi za mabegi ya bei mbaya zimewahi kubeba walau robo ya kazi hiyo.

Usukani. Nilipofunga kilo zote 24 nyuma, kitovu cha mzigo kikiwa kama sentimita 10 nyuma ya ekseli, mizani ilisoma kilo 78 nyuma na 32 mbele. Angalia: mbele palipungua ingawa sijaondoa kitu. Mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli unafanya kazi kama bembea, unanyanyua pua ya baiskeli. Usukani unakuwa mwepesi wa kuwayawaya. Kwa mwendo wa kawaida utazoea baada ya nusu saa. Kwa kasi, kuna kitu kingine.

Nikiwa kwenye mteremko mmoja wa njia ya Magu, usukani ulianza kutetema. Kwanza kidogo, kama mtu mwenye homa, halafu kwa nguvu, kushoto-kulia mara kadhaa kwa sekunde, na kadiri nilivyoukaba ndivyo ulivyozidi. Nilidhani foki imekatika. Nilisimama nikitetemeka kuliko baiskeli yenyewe, nikarudi mpaka Igoma nikisukuma sehemu kubwa ya njia. Fundi mmoja mzee aliyekuwa kazini chini ya mwembe hakuigusa baiskeli kwanza. Alishika siti akaitikisa upande mmoja mara moja, akatazama.

"Shikamoo mzee. Foki imekufa?"

"Marahaba, mwanangu. Foki nzima. Huu mzigo umeuweka, hujaufunga."

Na kweli. Baada ya fremu kutulia, mzigo bado ulikuwa unacheza. Nilikuwa nimetumia kamba ya nailoni, ambayo hulegea kadiri mzigo unavyojikaza njiani, na keria ilikuwa imeshikwa na bolti mbili tu. Kila baiskeli yenye mzigo ina kasi fulani ambayo mtikisiko wa fremu na ule wa mzigo vinakutana na kuanza kusukumana, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Keria inayonesa huishusha kasi hiyo mpaka ile unayoitumia kila siku. Mzee aliongeza vyuma viwili vya mshazari kutoka keria hadi kwenye fremu, akakaza beringi za shingo zilizokuwa zimelegea, akafunga mzigo kwa mipira ya tyubu ya gari kwa kuvuka msalaba. Mteremko uleule siku iliyofuata, kilo zilezile: kimya.

(Ikikutokea, usiukabe usukani. Bana bomba la juu kwa magoti, nyanyua makalio kidogo kutoka kwenye siti, na punguza mwendo taratibu.)

Mlima, mteremko na breki. Kupanda, pua inanyanyuka ukiwa kwenye gia nyepesi. Inabidi uiname mbele. Kushuka ni salama kwa maana ya kutopinduka kichwa mbele, kwa sababu uzito uko nyuma. Lakini kilo 110 zinadai kusimamishwa kwa nguvu kubwa kuliko kilo 86, zaidi kwa robo na ushei, na kilomita 30 kwa saa inadai nguvu mara mbili na robo ya ile ya kilomita 20. Breki za vyuma za Phoenix kwenye ringi za chuma, mvua ikinyesha, ni dua tu.

Upepo. Upepo ukishika mzigo mpana wa nyuma unasukuma upande wa nyuma wa baiskeli, si usukani. Baiskeli inakwenda mshazari kidogo lakini haikunyang'anyi mikono. Nimeona heri hii kuliko nilivyotegemea.

Kusimama na kusukuma. Hapa ndipo penye taabu. Stendi ya pembeni inazama au inakunjika, na baiskeli ikiegemezwa ukutani inajipindua pua juu. Kuingia kivukoni pale Kisorya, pa kuvukia kwenda Ukerewe, ukishuka ule mteremko wa kuelekea chomboni katikati ya pikipiki na watu, unatamani mikono mitatu.

Fundi na vipuri. Haina mpinzani. Keria unaipata kila mji, na ikivunjika kuna wa kuchomelea kuanzia Mkuyuni mpaka Bunda. Spoku za gurudumu la nyuma ndizo zitakazolia: si bure baiskeli za kizamani za Kiingereza ziliwekewa spoku 40 nyuma na 32 mbele. Baiskeli ya mtumba yenye spoku chache nyuma itakukumbusha hilo kwa sauti.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo, mwenye mzigo usiozidi kilo 15 hivi, au mwenye baiskeli ya chuma nzito anayekwenda mwendo wa wastani. Inamfaa pia anayechanganya safari na biashara.

2. Kugawa: mabegi ya chini mbele, mengine nyuma

Hapa unakuwa na keria ndogo mbili pande za foki zinazoshika mabegi usawa wa ekseli ya mbele, na keria ya kawaida nyuma.

Usukani. Niliweka kilo 9 mbele chini na 15 nyuma, mabegi ya nyuma nikiyasogeza mpaka kitovu chake kikaa juu ya ekseli. Mizani: 67 nyuma, 43 mbele. Asilimia ni 61 kwa 39, karibu sawa kabisa na baiskeli tupu (60 kwa 40). Ndiyo maana inahisi kama baiskeli ileile, imenenepa tu. Wengi hutarajia usukani mzito, na ukiwa umesimama kweli ni mzito, lakini ukishaondoka uzito ule unafanya kazi ya kutuliza: gurudumu halirukiruki kwa kila kokoto. Sharti lake ni kwamba mabegi yawe chini, yawe karibu na mstari wa shingo, na yalingane uzito kushoto na kulia. Kilo hizohizo 9 ukizitundika juu kwenye usukani ni habari nyingine kabisa. Zinavuta usukani uangukie upande kila unapokata kona polepole. Kikapu cha mbele chenye kilo 3 sawa. Zaidi ya hapo unajitafutia.

Wapo wanaotengeneza baiskeli maalumu zenye mkia mfupi, sentimita 3 hadi 4, ili zibebe mzigo mbele bila usukani kuwa mzito. Ni nzuri sana zikiwa na mzigo, na zina wasiwasi kidogo zikiwa tupu. Ila kwa baiskeli za mtumba tunazonunua hapa huna uchaguzi wa mkia, unachukua uliopo.

Mlima, mteremko na breki. Pua inabaki chini ukipanda. Ukishuka, breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu, inapata uzito wa kuishikisha barabara. Kwa miteremko ya lami hii ndiyo njia iliyonipa amani kuliko zote. Kwenye njia ya mchanga, kama zile za Ukerewe ukiacha barabara kuu, mambo yanageuka: gurudumu la mbele lenye kilo 43 linazama mchangani na kukata njia yake lenyewe.

Upepo. Mabegi ya mbele yakiwa mapana na ya juu, upepo wa daraja utayashika pamoja na usukani. Yakiwa madogo na ya chini, unausikia lakini haukupotoshi. Lori likikupita karibu, kuna mvuto mfupi halafu msukumo. Hapo uzito wa mbele unasaidia zaidi ya kudhuru.

Kusimama na kusukuma. Ikiegemezwa inatulia, ila usukani unapenda kujigeuza wenyewe na baiskeli nzima inateleza chini. Kipande cha mpira kinachobana lever ya breki ya mbele huimaliza shida hiyo. Kwenye meli ya Nansio unachomoa mabegi manne na kuyabeba, maana yake ni safari mbili za ngazi au rafiki mwaminifu.

Fundi na vipuri. Keria za mbele chini ni nadra madukani. Yangu ilichomelewa mtaani kwa nondo nyembamba, na ya kwanza ilikuwa na kosa: ilikuwa pana mno, vidole vya miguu vikagusa begi kila nikigeuza usukani. Peleka baiskeli yenyewe kwa fundi, si vipimo. Na kama foki yako ni ya springi, uliza mara mbili kabla ya kutoboa chochote.

Inamfaa anayesafiri siku nyingi kwenye lami, mwenye kilo 18 hadi 30, asiyependa kushangazwa.

3. Kubana kila kitu ndani na kandokando ya fremu

Begi la pembetatu ndani ya fremu, kifurushi kirefu nyuma ya siti, kingine kimefungwa kwenye usukani. Mtindo huu umeingia na vijana wa baiskeli za mlimani, na mafundi cherehani wa turubai wanashona begi la fremu zuri tu ukiwapa kielelezo cha boksi.

Usukani na uthabiti vinapendeza sana: uzito uko katikati, karibu na mwili wako, hakuna kinachoning'inia. Kwenye njia za mawe kule Ilemela, na huku kwetu mawe si ya kutafuta, baiskeli inapinda na kuruka kama haina kitu. Kifurushi cha siti peke yake ndicho chenye tabia mbaya, kikiwa kirefu na kizito kinachapa kushoto-kulia unapokanyaga kwa nguvu.

Tatizo ni kwamba kilo zangu 24 hazikuingia. Ziliingia 12, na ilibidi niache jiko, hema libaki turubai, maji yabaki lita 2. Kwa hiyo ukisoma sifa zake kumbuka kuwa nusu ya utulivu ule unatokana na kuacha vitu nyumbani, jambo ambalo lingeisaidia njia yoyote.

Mlima ni raha, mteremko raha, breki zinapumua kwa sababu jumla ni kilo 98. Upepo ni hadithi ndogo ya pekee: begi linaloziba pembetatu yote ni tanga. Linasukumwa katikati ya baiskeli, si kwenye usukani, kwa hiyo halikuyumbishi ghafla, lakini darajani nilijikuta nimeegemea upande mmoja kilomita zote 3 kama mvuvi aliyekaa ukingoni mwa mtumbwi. Kusukuma na kupanda chombo: unabeba baiskeli begani na mzigo wake, umemaliza. Fundi: mshono ukikatika kuna cherehani kila senta. Fremu ndogo, au ile ya bomba la chini la akina mama, haina pembetatu ya maana; hapo njia hii inakufa.

Inamfaa wa siku moja mbili, anayelala gesti na kula kwa mama ntilie, au anayetaka njia za vumbi.

4. Tela

Zipo za gurudumu moja zinazolala pamoja na baiskeli, na za magurudumu mawili zinazobaki wima. Hapa Mwanza utakayotengenezewa kwa urahisi ni ya mawili, na inafanana na mtoto wa guta.

Usukani. Baiskeli yenyewe inabaki karibu tupu. Tela langu lina kilo 8, na mzigo 24 juu. Kati ya hizo kilo 32, ni 2 au 3 tu zinazokaa kwenye kiungo cha nyuma. Hiyo 2 au 3 ni muhimu na watu wengi hukosea. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela. Ukikaa nyuma ya ekseli, kiungo kinavutwa juu, gurudumu lako la nyuma linakuwa jepesi, na tela linaanza kuchapa mkia kadiri unavyoongeza kasi. Nimelifanya kosa hilo kwa dumu moja la lita 20 nililoliweka nyuma kwa sababu tu ndiko kulikokuwa na nafasi.

Mlima, mteremko na breki. Kupanda linavuta nyuma kwa upole, hakuna pua kunyanyuka. Kushuka linakusukuma, nalo halina breki. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni rafiki. Ukifunga breki ghafla kwenye kona yenye mvua, linataka kukupita ubavuni. Breki zote zifanyike kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka.

Upepo wa ziwa haulisumbui sana kama limefungwa chini, kwani haushiki usukani. Kinacholisumbua ni barabara. Badala ya njia moja ya tairi unakuwa na tatu, kwa hiyo shimo ulilolikwepa wewe, tela linaliokota. Tuta ukilipanda mshazari, gurudumu moja linapanda kabla ya jingine na tela linaweza kulala. Kwenye rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana, linapiga kelele mpaka mbuzi wanakimbia. Na kati ya Buzuruga na Kisesa, asubuhi, ukiwa umebanwa na bajaji, haisi na bodaboda, upana wa tela ni jambo la kulifikiria kwa makini. La gurudumu moja linapita vizuri zaidi hapo, ila lenyewe linalala na baiskeli, kwa hiyo kusimama nalo ni kazi, na mengi hayataki zaidi ya kilo 30 hivi.

Kusimama na kusukuma. La magurudumu mawili ni bingwa: unalichomoa, linasimama lenyewe, linageuka mkokoteni hadi mlangoni. Kivukoni linachukua nafasi ya mtu mwingine, na usishangae ukiombwa nauli ya ziada. Fundi: kiungo ndicho pumzi yake. Weka mnyororo wa akiba pembeni ya kiungo, ili kikikatika tela lisibaki barabarani mbele ya basi.

Linamfaa anayebeba zaidi ya kilo 30, mwenye mtoto au vifaa vya kazi, mwenye baiskeli isiyostahimili mzigo kwenye fremu, na asiye na haraka.

Kwa hali yako

Kama una baiskeli ya kawaida, bajeti ndogo, na unataka tu kujaribu Mwanza–Magu, kama kilomita 60, halafu urudi kesho yake: keria ya nyuma, kilo 12 hadi 15, mabegi mawili ubavuni badala ya fungu moja refu juu. Weka vizito chini na mbele ya keria, karibu na siti, mradi visigino visigonge begi.

Kama ni Musoma, zaidi ya kilomita 200, na hema na jiko: gawa mbele na nyuma. Huna keria ya mbele? Usiharakishe kununua, punguza mzigo mpaka kilo 15, imarisha keria ya nyuma kwa vyuma vya mshazari, ondoka saa kumi na mbili asubuhi na funga siku kabla upepo haujakaza.

Ukerewe kwa wikiendi, utalala gesti Nansio: fremu, au begi moja dogo kwenye keria. Kila kilo utakayoacha utaishukuru kwenye ngazi ya meli.

Geita kupitia darajani: njia yoyote kati ya tatu za kwanza itakufikisha, ila vuka asubuhi. Ukiwa na tela vuka asubuhi mapema zaidi, kabla ya malori.

Mvua za masika, Machi hadi Mei: breki kwanza, mpangilio baadaye. Kama baiskeli yako ina ringi za chuma na breki za vyuma, usipite kilo 15 kwa mpangilio wowote, na shuka usukume kwenye miteremko mikali. Hakuna anayekuhesabia.

Kama umepanga kubeba chakula cha kikundi, maji ya watu watatu, au mtoto: tela la magurudumu mawili, bendera ndefu nyuma, na mazoezi ya nusu siku kwenye barabara tulivu, pamoja na kufunga breki makusudi.

Ukiwa bado umekwama kati ya mbili, fanya hivi Jumamosi moja. Funga mzigo kamili kwa njia ya kwanza, nenda Buhongwa hadi Usagara na kurudi, halafu upange upya kwa njia ya pili, urudie. Kabla ya kila mzunguko shika siti, itikise baiskeli mara moja, uangalie nani anatulia mwisho, fremu au mzigo. Ikiwa ni mzigo, fungua uanze tena, usiondoke hapo.